Bandama zao zimepimwa, madeni yao je? Barua ya wazi kwa wakubwa wa bahari Indonesia

Shikamooni wakubwa, hodi huko.

Barua hii inawaendea nyie wa Wizara ya Bahari na Uvuvi pale Jakarta, nyie wa ofisi ya gavana Kendari, na bupati wa Wakatobi na watu wake kule Wangi-Wangi (kwa wenzangu wa huku, bupati ni kama mkuu wa wilaya, ila yeye anapigiwa kura, na Wakatobi ni visiwa vya mkoa wa Sulawesi Kusini Mashariki, Wangi-Wangi ni kimojawapo). Ni kuhusu Wabajo, wavuvi wa huko wanaoishi juu ya maji. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayoweza kulalamika nayo vizuri, Kiindonesia changu ni cha darasani na cha sokoni, nikikasirika kinanikimbia chote. Mwenzangu niliyesoma nae huko kaahidi ataitafsiri. Na watu wa kwetu nao waisome, maana yapo humu yanayowahusu kabisa, wataona wenyewe.

Mimi mtu wa Jibondo, kisiwa kidogo kusini ya Mafia, Tanzania. Hamkijui na siwalaumu, hata Dar wengi hawakijui. Kisiwa cha mawe, nilivyokuwa mdogo maji ya kunywa tunafuata Mafia kwa mashua na madumu, alafu mwaka 1995 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari na sisi wa Jibondo tukawa wabishi nambari moja, tumegombana na boti za doria mpaka basi. Kwa hiyo nilipopata skolashipu ya serikali yenu (na kwa hilo asanteni sana, mmenilisha na kunisomesha) na msimamizi wangu akaniambia nikafanye utafiti Wakatobi, hifadhi iliyotangazwa 1996, mwaka mmoja tu baada ya yetu, nilicheka peke yangu kama chizi. Nikasema haya, umekimbia Jibondo unaenda Jibondo.

Nimekaa miezi saba kwenye kijiji cha Wabajo upande wa kisiwa cha Kaledupa. Sitakitaja, kwa sababu nitakayoyasema yanaweza kumrudia mtu aliyenipa mkeka wa kulalia. Vijiji vya Wabajo Wakatobi ni vitano, Mola, Sampela, Mantigola, Lohoa na Lamanggau, chukueni chochote, mambo hayatofautiani sana.

Nyumba ziko juu ya maji, nguzo zimesimama kwenye mawe ya matumbawe, kati ya nyumba na nyumba kuna madaraja ya mbao ambayo mgeni anatembea kama anaiba na watoto wanakimbia. Maji mafu kijiji kinanuka tope na dagaa waliokaushwa, bamvua likija unasikia bahari inapumua chini ya godoro. Chakula chao kikuu na cha majirani zao ni kasuami, muhogo unakunwa, unakamuliwa maji, unapikwa kwa mvuke umeshindiliwa kama pia, ukila na samaki wa kuchoma na pilipili ya ndimu huulizi tena wali uko wapi. Wanaume wakiondoka wiki kadhaa kwenda kuvua mbali wanaita bapongka, na sisi tunasema kwenda dago, kitu kile kile mpaka miiko ya mke aliyebaki nyumbani. Pepo zao mbili, ya mashariki na ya magharibi, ni kusi na kaskazi zimebadilishwa majina tu, na pale katikati ya mwaka upepo wa mashariki ukishika watu wanakaa barazani wanatazama mawimbi na kuvuta sigara za karafuu. Zile sigara nazo zina mambo, zamani karafuu ya Unguja na Pemba ndo ilikuwa inapelekwa Java kuzitengeneza, wakati karafuu yenyewe mbegu yake imetoka visiwa vya Maluku, yaani tuliwauzia cha kwao.

Lugha ilinisaidia mwanzoni. Kabar, dunia, sabun, bendera, meja, kitab, waktu, hayo hayahitaji mwalimu. Neno la kwanza ambalo ilibidi nifundishwe ni utang. Utang ni deni. Na wakubwa, ndani ya miezi saba hilo ndo neno nimelisikia kuliko yote, kuliko samaki, kuliko bahari, naweza kusema kuliko jina langu.

Sasa niwapeleke mahali. Nyumba ya bos, mwisho wa daraja, saa kumi na moja jioni. Bos ni mnunuzi, kwetu tunamwita tajiri, kwingine Sulawesi wanamwita punggawa. Mwenyeji wangu, nitamwita Bapak tu, yaani baba, karudi toka asubuhi mwambani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, miwani ya kuzamia ya mbao kaivuta kwenye paji la uso imemwachia duara mbili nyekundu. Ana pweza wanne na changu wachache kwenye ndoo. Mzani ni wa saa, ule wa kuning'iniza, na umening'inizwa upande wa ndani wa mlango, bos anaona uso wa mzani na Bapak anaona mgongo wake. Nilitazama jioni nyingi sana kabla sijagundua kuwa Bapak hajawahi kuona namba. Anasomewa. "Tiga setengah," kilo tatu na nusu, na yeye anaitikia kwa kidevu. Kisha linafunguliwa daftari la mistari ya hesabu, gamba la plastiki limepauka, ukurasa wa Bapak una kona iliyoliwa na maji, linaandikwa jambo, linafutwa jambo, na Bapak anapewa nusu kilo ya sukari, pakti ya sigara na petroli ya kesho kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Hela sikuiona. Nilimuuliza tukiwa njiani, unadaiwa kiasi gani? Akasema sijui, bos ndo anajua. Nikauliza limeanza lini? Akafikiria kidogo akasema, mashine, mashine ya boti, Ujang alikuwa hajazaliwa. Ujang mwanae alikuwa keshaota ndevu.

Mtu akisoma hapo atasema basi bos ni mnyonyaji, akamatwe. Subirini kidogo, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nimeandika kurasa kumi za hasira kwenye daftari langu, msimamizi akazipiga mstari.

Mwezi wa nne wangu pale mkwe wa Bapak akashikwa na uchungu usiku, mimba ya kwanza, mtoto kakaa vibaya. Mkunga wa kijiji akapapasa akasema mimi siwezi, mpelekeni. Kituo cha afya kiko Kaledupa, ng'ambo tu pale, lakini pale nako wakasema hapa haiwezekani, anatakiwa hospitali Wangi-Wangi, na Wangi-Wangi ni kama masaa mawili kwa boti ya mbao bahari ikiwa na adabu zake. Saa nane usiku. Boti kubwa yenye mashine ya uhakika kijijini ni ya nani? Mafuta kwenye mapipa ni ya nani? Simu ya kumpigia mtu wa Wangi-Wangi asubiri na gari gatini ina vocha ya nani? Bos alitoka na kikoi na fulana, hakuuliza chochote, akawasha mashine, akaenda mwenyewe, kakaa huko siku tatu, kalipa alicholipa. Mtoto mzima, mama mzima. Aliporudi akafungua daftari, akaandika mstari mmoja.

Huo mstari mmoja mimi nimeshindwa kuuchukia, nimejaribu.

Wakubwa, pale kijijini bos ndo benki, ndo bima ya afya, ndo ambulansi, ndo duka, ndo soko, ndo mkopo wa sare za shule mwezi wa saba. Anachukua kila kitu na anakuja saa nane usiku. Nyie mnakuja saa nne asubuhi, mna mwavuli na mpiga picha, mnatoa boti mbili za faiba na nyavu za msaada, mnaimba wimbo wa taifa mnaondoka kabla maji hayajakupwa. Sasa jamani, mvuvi ana wakubwa wawili, mmoja wa mchana wa mara moja kwa mwaka na mmoja wa usiku wa kila siku, mnategemea amsikilize nani?

Na hili la deni nalisema kwa sababu kila mnachokilalamikia kuhusu hawa watu, ukivuta uzi, mwisho wake umefungwa kwenye lile daftari. Mnalalamika mabomu. Ni kweli mabomu yapo, nimeyasikia mwenyewe nikiwa chini ya maji, yanalia kama mtu kafunga mlango wa chuma kifuani kwako, na kwetu tunaita baruti na imelia miaka na miaka kuanzia Tanga mpaka Mtwara kwa hiyo hapa siwatolei mahubiri. Mnalalamika sumu, ile sianidi wanayopulizia chewa kwenye tundu ili akamatwe hai apelekwe Hong Kong akachaguliwe kwenye tangi la hoteli. Mnalalamika kompresa, ile ya kujazia upepo matairi, kijana anang'ata mpira mdomoni anashuka mita nyingi kufuata majongoo bahari, anakaa sana, anaibuka haraka, anapanda botini analalamika viungo vinauma na jioni miguu haisikii. Yupo mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, anatambaa darajani kwa mikono, nilipofika nilidhani alipata polio utotoni. Kompresa ya nani? Ya bos. Mpira wa nani? Wa bos. Na aliyekubali kushuka alikubali kwa sababu baba yake amekufa na ukurasa wa baba ukahamia kwa mtoto, jina likakatwa likaandikwa lingine juu yake, nimeona kwa macho yangu.

Mtu asiye na deni anaweza kukaa nyumbani siku tatu akaacha mwamba upumzike. Mtu mwenye deni hana siku ya mapumziko, upepo ukikaza ndo anazidi kudaiwa, kwa hiyo ukitulia anarudi na njia ya mkato. Doria zenu zinamkamata wa mkato. Wa daftari hajawahi kuguswa, na wala sisemi aguswe, nasema atafutiwe mpinzani.

Hifadhi yenu ni kubwa, hekta milioni 1.39, mkaipanga upya kanda zake mwaka 2007, huku ruhusa huku marufuku, ramani ina rangi nzuri sana nimeitumia kwenye tasnifu yangu. Nilimpelekea Bapak ile ramani. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaweka kidole akasema huu mwamba unaitwa hivi, hapa kuna chewa wanakusanyika mwezi ukiwa hivi, hapa babu yangu alizama. Mwamba mmoja alionionyesha ulikuwa kwenye rangi ya marufuku na alikuwa hajui, siyo kwamba anakaidi, hajui, miaka yote anavua pale na doria haijawahi kumkuta. Nilienda kuuliza kwenye ofisi moja kama kuna nakala ya ramani iliyobandikwa kijijini, nikaambiwa ilibandikwa. Nikauliza wapi. Ofisi ya kijiji. Nikaenda, ikawepo kweli, nyuma ya kabati.

Sasa niingie kwenye bandama, kichwa cha barua kimeahidi. Mwaka 2018 wanasayansi walitoa utafiti wao kwenye jarida moja kubwa la sayansi, walienda kwa Wabajo wa Jaya Bakti, Sulawesi ya Kati, na mashine ya ultrasaundi, wakapima bandama zao (bandama ndo inayoongezea mwili damu yenye hewa mtu akibana pumzi) wakalinganisha na za majirani zao Wasaluan wa bara. Bandama za Wabajo zimezidi kwa asilimia kama 50, hata za wale wasiozamia, wakasema ni jambo la damu, limeingia kwenye jeni kwa miaka mingi ya kuzamia bila mtungi. Dunia nzima ikaandika. Watu wa baharini! Binadamu samaki! Mpaka kwetu mtu alinitumia kwenye grupu la wasapu na emoji za kushangaa. Na mimi nilifurahi, ni jambo zuri kulijua, sina ugomvi na bandama. Lakini nilipomwelezea Bapak kwa Kiindonesia changu kibovu, kwamba ndani ya mwili wenu kuna kitu kikubwa kuliko cha wengine, akacheka mpaka akakohoa, akasema mwambie bos apunguze deni basi, kitu kikubwa kimemfanyia kazi.

Ndo hivyo. Mashine ya kupima bandama imefika. Mzani wenye uso wa pande mbili haujafika.

Vijana wenyewe wameshapiga hesabu, wanaondoka. Zamani waliokwenda mbali walikwenda kusini kwa tanga, mpaka maji ya Australia kufuata pezi la papa na majongoo, kuna makubaliano ya serikali yenu na ya Australia ya mwaka 1974 yanayowaruhusu wavuvi wa jadi kwenye eneo fulani ila kwa matanga tu, mashine marufuku, ukikosea mstari boti inakamatwa na kuchomwa. Kuna wazee wa Mola waliochomewa, na boti ikichomwa deni la boti halichomwi. Siku hizi vijana wanaenda kwenye migodi na viwanda vya nikeli, Morowali, Konawe, wanavaa helmeti ya njano wanatuma picha, na siwezi kumwambia mtu asiende, mshahara ni mshahara. Wengine wanaenda meli za kigeni za jodari. Mnakumbuka mwaka 2020, ile video ya miili ya mabaharia wenu ikitupwa baharini kutoka kwenye meli ya Kichina, mkaumia, nchi nzima ikaumia, mkatunga kanuni ya kuwalinda mwaka 2022. Vizuri. Ila mfuateni kijana nyuma kabla hajapanda ile meli, mtakuta ile hela ya wakala na ya safari ameikopa. Kwa nani? Haya.

Na nikeli yenyewe haikai mbali. Kisiwa cha Kabaena, humo humo kwenye mkoa wenu, Wabajo wa kule maji yao yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, tope la migodi linashuka mvua ikinyesha. Mna sheria nzuri, ya 27 ya mwaka 2007, imerekebishwa 2014, inayolinda visiwa vidogo, na mahakama yenu ya katiba mwezi wa tatu 2024 ilikataa ombi la kampuni iliyotaka vifungu vyake vilegezwe, kesi iliyotokana na kisiwa cha Wawonii. Juni 2025 mkafuta vibali vinne vya nikeli kule visiwa vya Raja Ampat, Papua, baada ya picha kusambaa. Kwa hiyo mkitaka mnaweza. Raja Ampat kuna ndege wazuri na wazungu wanaozamia, Kabaena haina picha nzuri, ndo kosa lake.

Hati za nyumba nazo, niliseme hili haraka maana linanichoma. Miaka nenda rudi Mbajo akienda benki anaambiwa leta dhamana, dhamana ni hati, hati ni ya ardhi, na wewe ndugu unakaa juu ya maji. Ndo maana anarudi kwa bos, bos haulizi hati. Mwaka 2022 Rais Jokowi alikuja mwenyewe Wakatobi na kuna Wabajo waliopewa hati zao, nawapongeza, nimekutana na mama aliyeifunga kwenye plastiki tatu kaiweka juu ya dari. Wengi bado. Alafu Januari 2025 tukaona Tangerang, pembeni ya Jakarta hapo hapo, uzio wa mianzi wa kilomita 30 umechomekwa baharini, na ikagundulika kuna hati za matumizi ya jengo 263 zimetolewa juu ya bahari tupu, nyingi za makampuni. Mkauvunja, wanamaji walienda kung'oa. Lakini yule mama wa plastiki tatu ana swali, na mimi nimelibeba: wasio na hata nguzo moja baharini walipataje hati kabla yake yeye ambaye bibi yake kazaliwa juu ya maji?

Basi nisiwachoshe, nije kwenye ninachoomba.

Mmetangaza vijiji vya wavuvi vya Merah Putih (nyekundu na nyeupe, rangi za bendera yenu), 100 vya kuanzia, mfano wake kile mlichojenga kisiwa cha Biak, Samber-Binyeri, gati, kiwanda cha barafu, chumba cha baridi, kituo cha mafuta. Na Julai 2025 Rais Prabowo kazindua vyama vya ushirika vya vijiji, zaidi ya 80,000. Nimesoma yote kwa furaha na kwa woga. Furaha kwa sababu barafu ndo kila kitu. Mvuvi asiye na barafu samaki wake ana masaa machache tu ya kuwa hela, akifika jioni anauza kwa aliyepo, na aliyepo ni mmoja. Mwenye barafu anaweza kulala na samaki wake, asubuhi akapanda boti ya Wangi-Wangi akaulizia bei mbili tatu. Woga wangu ni huu: ushirika utaandikishwa kijijini, mwenyekiti atachaguliwa, na kijiji kizima kinadaiwa na mtu mmoja. Mtamchagua nani, nyie mngemchagua nani? Ufunguo wa chumba cha baridi utaning'inia kwenye msumari ule ule wa mzani. Kwetu tumeshayaona, boti ya kikundi inaishia kwa tajiri ndani ya misimu miwili na kikundi kinabaki kwenye makaratasi na fulana.

Kwa hiyo kabla ya kiwanda, tumeni mtu. Mmoja tu, kijana wa hesabu, akae pale msimu mzima, ale kasuami, na akae na bos na kila mvuvi wafungue daftari ukurasa kwa ukurasa. Wengine mtakuta walishamaliza kulipa zamani, nina uhakika kama ninavyojua jina langu, mashine ya boti haiwezi kulipwa kwa miaka ishirini ya pweza. Wengine wanadaiwa kweli, hao wakopesheni nyie, kwa riba ya serikali, walipe kidogo kidogo upepo ukiwa mzuri, na miezi ya upepo wa mashariki wasilipe, msilete mkopo wa benki wa kila tarehe 5 kwa mtu ambaye kipato chake kinategemea mwezi wa angani. Bos mwenyewe mnunueni, msipigane nae. Ana boti, ana akili ya biashara, anajua kila mnunuzi wa Bau-Bau na Kendari. Mpeni kazi ya kusafirisha, auze kwa kamisheni inayoandikwa ukutani. Na mzani uwekwe gatini, mkubwa, wa pande mbili.

Alafu boti ya usiku. Boti moja ya wagonjwa Kaledupa, yenye mafuta ya akiba ambayo hayagusiki kwa sherehe wala kwa mgeni rasmi, na nahodha anayelipwa kulala karibu nayo. Ndogo hiyo ukilinganisha na gharama ya doria moja. Bi Susi Pudjiastuti alipokuwa waziri alizamisha meli za wizi zaidi ya 500, nyingi za kigeni, na wavuvi wa Wakatobi mpaka leo wanamtaja kwa mapenzi, nimewasikia. Aliyeweza kuzamisha meli 500 ni serikali hiyo hiyo, haiwezi kushindwa na boti moja ya kina mama wajawazito.

Ramani ile itoeni nyuma ya kabati, na mkiirudia, rudieni mkiwa na akina Bapak kwenye boti, siyo ukumbini na sambusa. Ile miamba ina majina, mengine ya Kisama, lugha ya Wabajo, yana habari nzima ya samaki wa pale, anataga lini, anapita lini. Na mkifunga mwamba semeni mwenye deni atakula nini wakati umefungwa. Hilo hata kwetu Mafia halijajibiwa vizuri, mkilijibu tutakuja kujifunza, nauli tutachanga.

Nakala ya Kiindonesia itawafikia kwa barua pepe za ofisi zote tatu. Mkitaka kunijibu msinijibu mimi, nipo Mafia, mimi nimeshashiba skolashipu. Jibuni kule, tena kwa mdomo, wengi wa umri wa Bapak hawasomi, na nendeni maji yakiwa yamejaa mtaona kijiji vizuri.

Juzi nilimpigia Bapak kumwambia naandika barua hii. Mtandao unakatika, tukahamia kwenye voisi. Nikamuuliza habari za huko, pweza, wajukuu, yule mtoto wa usiku ule sasa anatembea, ameshaanguka majini mara mbili na kajitoa mwenyewe. Nikamuuliza, na barafu, nilisikia wameleta friji kubwa, imefika? Ikakaa kimya kidogo, ikaja voisi ya sekunde sita, upepo mwingi, kuku wanalia.

"Imefika. Ipo kwa bos."